Utani Uliofika Redioni

Flavia alikuwa anamenya viazi redio iliposema baba yake alikuwa mwizi. Akaweka kisu chini, akaongeza sauti.

Hebu fikiria. Baba yake, Mzee Hilari, mpiga gitaa la solo wa Kaze Jazz, kazikwa juzi tu, hata udongo haujakauka. Kipindi kilikuwa kinalinganisha bendi mbili za Tabora zilizokuwa mahasimu miaka ya sitini, Kaze Jazz na Asali Jazz, ipi iliwaathiri wanamuziki zaidi. Mtangazaji, kijana aliyetoka Dar, akaweka sauti aliyoirekodi makaburini: mzee Octavian wa Asali Jazz akisema, "Huyu tunayemfukia aliiba kila kitu kwetu. Hata kukaza nyuzi alifundishwa na mbeba ngoma wetu."

Pale makaburini watu walicheka mpaka machozi, Flavia akiwemo. Bendi zile zilikuwa na utani, na kwa Wanyamwezi mtani asipomkashifu marehemu, msiba unakuwa na kasoro. Lakini huyu kijana wa watu hakuuliza. Aliubeba utani akaufanya historia, na sasa Tabora nzima inaambiwa Kaze Jazz walikuwa waigaji tu.

Viazi vikabaki hapo hapo. Flavia alimkuta Octavian barazani kwake, kavaa sare ya bendi, vijana wanampiga picha.

"Shikamoo mzee. Twende redioni ukaseme ule ulikuwa utani."

"Marahaba mwanangu. Haraka ya nini? Miaka yote hii nani alinikumbuka?"

Damu ikamchemka. Kumbe mzee ameonja sifa, zimemkolea. "Sawa," Flavia akasema. "Ila siku yako ikifika, usitutegemee. Hakuna mtu wa Kaze Jazz atakayeshika jembe kukuchimbia kaburi, wala wa kukutania. Utazikwa kimya."

Vijana wakashusha simu zao. Octavian akaomba fimbo yake.

Studioni, mtangazaji akamuuliza upya ni bendi ipi iliyojifunza kwa mwenzake. Mzee akakohoa. "Kaze Jazz wakipiga, mimi nilikuwa najibanza nje ya ukuta wa klabu, nasikiliza vidole vya Hilari. Nikirudi nyumbani nakesha namwiga. Sijawahi kumwambia mtu."

Flavia alikuja kudai jina la baba yake, na amelipata. Lakini hasira ilimpanda upya, kubwa kuliko ya kwanza.

"Mzee," akasema, matangazo yakiwa bado hewani, "baba alikuwa anakaa mtaa wa pili kutoka kwako. Mpaka anakata roho alikuwa anatuuliza kama Asali Jazz mliwahi kumhesabu kuwa mpiga gitaa."