Kikaratasi cha Glenys

Desmond Pruett alikuwa mtu wa mzaha, na msidhani ninamsifu. Upo mzaha wa kuchangamsha nyumba, na upo mzaha wa kuwaziba watu midomo. Wake ulikuwa huo wa pili. Mkewe, Glenys, alipomwambia ana uvimbe kwenye titi, alimjibu kwamba angalau sasa kuna kitu cha kushika. Siku ya kumzika mama mkwe alitoa kichekesho pale pale makaburini, watu wakacheka, maana wangefanyaje?

Miaka thelathini na nne ya ndoa, jamani. Katika mwezi mmoja Glenys alijaribu mara tatu kumwambia kwamba anaondoka, anakwenda kukaa na dada yake huko Swansea. Mara ya kwanza Desmond alimuuliza kama atamwachia birika. Mara ya pili alianza kuimba. Mara ya tatu alijifanya amezimia mezani, kichwa karibu kiingie kwenye siagi. Sasa mtu wa namna hiyo utamuagaje? Na kuondoka kimyakimya Glenys hakutaka. Yeye si mwizi, na alitaka, angalau mara moja maishani, aseme neno na mumewe alisikie.

Kitu kimoja tu Desmond alikisikiliza bila kukatiza: kipindi cha vichekesho cha redio, kila Jumapili baada ya chakula cha mchana. Kwa hiyo walipopata tiketi za bure za kwenda kukitazama kikirekodiwa London, Glenys alikubali kwenda naye. Walipanga foleni tangu saa saba mchana kwenye manyunyu, kwa sababu tiketi hutolewa nyingi kuliko viti, na anayechelewa hurudi kwao na mwavuli wake. Walipata viti safu ya nne.

Mlangoni binti mmoja aligawa vikaratasi na penseli. Kila mtu aandike jina na mji wake, ajibu swali la siku, mtangazaji atasoma machache yatakayomvutia. Swali lilikuwa: ni neno gani hujawahi kumwambia mtu uliyekuja naye leo?

"Usichungulie, bibie, utaniibia," Desmond alisema, akifunika karatasi yake kwa mkono.

"Nikuibie nini, Des?"

"Kipaji!"

Glenys aliandika lake, akalikunja, akalitia kwenye kapu. Alijua wanasoma vitano sita tu kati ya mia tatu. Basi na iwe bahati nasibu, alijisemea, njia nyingine zote zimeshindikana.

Taa nyekundu iliwaka, kurekodi kukaanza. Mtangazaji, Barnaby Quill, alikuwa kijitu kifupi chenye sauti nzito, na ukumbi ulimpenda hata kabla hajafungua mdomo. Alisoma cha kwanza, cha pili, mambo ya watu kukoroma na kuficha biskuti. Kisha akafungua cha tatu.

"Huyu ni Glenys, wa mji wa Reading."

"Ni wewe!" Desmond alimpiga kiwiko cha mbavu. "Wewe, ni wewe!"

"Anasema: 'Desmond, kesho asubuhi naondoka, sirudi. Nimekupikia pai za siku kumi, ziko kwenye friza.'"

Ukumbi ukalipuka. Watu walipiga mapaja, mama mmoja wa mbele akafuta machozi kwa skafu. Pai za siku kumi! Glenys alikuwa ameziandika kwa huruma, kwa vile anajua mumewe hawezi hata kuchemsha yai. Hakuwatazama wale watu. Alimtazama Desmond, akamwona mdomo wazi. Halafu naye akaangua kicheko, kikubwa kuliko cha mtu yeyote.

Ndipo mwanamke aliyesimamia kurekodi alipojitokeza kando ya jukwaa na kuinua mkono.

"Samahani sana, maikrofoni imekoroma. Barnaby, kirudie hicho cha pai. Na nyie wapenzi, mcheke kama hamjawahi kukisikia. Mnaweza?"

"Tunaweza!" ukumbi ukaitika.

Kikasomwa tena. Mtu atacheka vipi jambo alilokwisha kulijua? Walicheka vizuri zaidi, Mungu awasamehe. Barnaby akaongeza la kwake: "Desmond yupo? Hebu simama, baba, tukuone kabla hujafa njaa!" Desmond akasimama, akainama kulia, akainama kushoto, akapigiwa makofi. Glenys alikaa, mikono mapajani, akijiona mjinga wa mwisho duniani.

Kipindi kilipokwisha, walijikuta wamesimama ukumbi wa nje wakisubiri msongamano upungue. Desmond alimshika mkono juu ya kiwiko, akamshika kwa nguvu. Uso haukuwa na mzaha tena.

"Nilikuelewa," alisema kwa sauti ya chini. "Mara ya kwanza tu, ile ya birika, nilikuelewa."

"Mbona ulicheka?"

"Ulitaka nilie mbele ya watu mia tatu?"

"Nilitaka unyamaze, Des. Mara moja tu unyamaze."

"Basi umechelewa. Sasa ni kichekesho, tena kinakwenda hewani. Jirani zako watakisikia, dada yako atakisikia. Ukiondoka kesho, nani atakuamini?"

Glenys alikuwa ameogopa kwamba mtu huyu hasikii. Kumbe alisikia siku zote, la birika, la uvimbe, la makaburini, yote. Hilo lilimuuma kuliko kicheko cha ukumbi mzima.

"Wewe umeniamini," alisema. "Wengine wa nini?"

Akautoa mkono wake, akafunga vifungo vya koti, akatoka nje peke yake. Hakungoja kesho.

Mama mwenye skafu alikuwa akipita. Alimgusa Desmond begani.

"Una bahati, mzee wangu. Mke mcheshi kama yule!"

Na Desmond, kwa kuwa hakuwa amejifunza kitu kingine, akacheka.