Mgeni wa Sauti ya Nne

Kifuniko cha chungu kiligonga mara moja, kikatulia, kisha kikagonga tena. Raheli aliamka bila kuwasha koroboi. Maji aliyoyaacha juu ya makaa yalikuwa yameanza kuchemka, nje kungali giza, na jogoo wa jirani alikuwa bado hajaamua kuwika. Alipapasa kibuyu cha unga wa uwele, akakoroga uji mwingi kuliko mtu mmoja anavyoweza kunywa. Ilikuwa Jumamosi, siku ya vijana, na Raheli alikuwa amejifunza zamani kwamba kijana mwenye njaa huimba kama anagombana.

Hakuna aliyemwajiri kwa kazi hiyo. Mchungaji alimwomba awashike vijana kwa majuma machache tu, mpaka apatikane mtu. Mtu hakupatikana. Raheli alikuwa mjane asiye na mtoto, na hivi sasa vijana wote wa kanisa la Kinyangiri walimwita mama. Aliwafundisha nyimbo za Jumapili. Siku nyingine walimlimia mgonjwa, au wakamwezekea mzee nyumba yake. Wasichana walichelewa kila mara kwa sababu kisima kilikuwa mbali. Wavulana waliwahi, wakapigana mieleka mpaka wasichana wafike, kisha wakaimba wakihema.

Miaka ile ilikuwa ya vita vya Hitla. Serikali ilitaka mkonge wa kutengenezea kamba, na kila jumbe aliamriwa atoe vijana wa kwenda kuukata katika mashamba ya mbali, mashariki. Jumbe Mughwai aliwatoa wa Kinyangiri wakati wa mavuno. Walipandishwa treni, na mmoja wao alikuwa Ezekieli, mtoto pekee wa Dorkas, kijana mpole aliyeimba sauti ya nne, ile nzito ya chini. Tangu siku hiyo nafasi yake kwenye benchi la nyuma ilibaki wazi. Raheli hakumruhusu mtu kuikalia.

"Aliyesafiri si aliyekufa," aliwaambia. "Hata nyumbani kigoda chake hakikaliwi."

Jumamosi hiyo walikunywa uji, wakajipanga. Zefania, aliyesukumwa kwenye sauti ya nne kwa sababu ya unene wake tu, alifungua kinywa.

"Zefania," alisema Redempta, msichana aliyeongoza sauti ya kwanza, "unaimba, au ng'ombe wenu amekwama matopeni?"

"Ng'ombe wetu angekushinda."

"Imbeni," alisema Raheli.

Walipofika ubeti wa pili, sauti ya nne ilitoka pale palipokuwa wazi. Ilikuwa sauti ya Ezekieli, bila Ezekieli. Ilijaa chini ya wimbo kama msingi unavyokaa chini ya nyumba. Raheli aliinua mkono akawasimamisha, kwa maana sauti ilikuwa imetangulia wenzake, na huo ulikuwa ugonjwa wa Ezekieli tangu mwanzo.

"Ezekieli, unawahi. Wasubiri wenzako."

"Nisamehe, mama," ilisema sauti. "Shikamoo."

"Marahaba. Umekujaje?"

"Nimefuata reli."

"Na treni?"

"Treni nimeiacha Manyoni, inachukua maji."

"Haya. Tuanze tena."

Walianza tena, na safari hiyo hakuwahi. Wimbo ulipokwisha, Raheli alisogea akaweka kiganja mbele ya ile nafasi, maana alitaka kujua. Palikuwa na joto kidogo, na harufu chungu ya mkonge uliosagwa. Redempta naye aliweka kiganja chake, akauliza kama sauti huona kiu. Sauti ilisema haioni kiu, ila hupenda kukaa kivulini. Zefania aliondoa miguu yake mirefu ili asiikanyage. Alifurahi kuliko wote. Alikuwa ameruhusiwa kurudi sauti ya tatu.

"Habari za huko?" aliuliza Raheli.

"Nzuri tu, mama."

Raheli hakuuliza zaidi. Kila anayetoka mbali husema nzuri.

Jioni sauti ilikwenda kwa mama yake. Dorkas alikuwa akichambua mlenda mlangoni. Aliisikia ikibisha hodi, akasema karibu, akatoa kigoda cha Ezekieli, akakipangusa kwa upande wa kanga yake. Usiku majirani waliwasikia wakizungumza habari za mbuzi.

Sasa, mgeni wa Kinyangiri hajiondokei. Hula kwanza, kisha huomba ruhusa, na mwenyeji akishamruhusu humsindikiza mpaka njiani. Ezekieli alikuwa amelelewa vizuri, na sauti yake pia. Jumapili ilipoomba ruhusa, Dorkas aliijibu kuwa kuku hajachinjwa. Jumatatu kuku alikuwa kwenye chungu lakini hajaiva. Jumanne Dorkas alisema mtu hasafiri upepo ukivuma hivyo. Jumatano aliishiwa maneno, akaisindikiza mwenyewe hadi relini, polepole.

Jumamosi iliyofuata sauti ilirudi. Safari hiyo Dorkas aliikalisha mpaka Alhamisi, na juma la baadaye haikuondoka kabisa.

Kwa Raheli hayo yalikuwa majuma matamu. Hata wasichana waliacha kuchelewa, kwa maana kila mmoja alitaka kukaa karibu na benchi la nyuma, mahali wimbo ulipopita miguuni. Walipomlimia bibi mmoja kipofu huko bondeni, sauti iliongoza wimbo wa jembe, na bibi huyo alimpongeza Ezekieli kwa kuongezeka kifua. Hakuna aliyemsahihisha. Raheli alilala akiwa amechoka vizuri. Alikuwa akijiuliza mambo madogo tu: kama sauti huzeeka, na kama Ezekieli huko aliko anajua wameshajifunza ubeti wa tatu.

Kisha Idrissa akashuka treni. Idrissa alikuwa mtoto wa muuza chumvi, naye alichukuliwa siku ileile aliyochukuliwa Ezekieli. Alirudishwa kwa sababu kidonda cha mguu kilikataa kupona. Alipita kanisani kupumzika kivulini wakati wa mazoezi, akasikiliza wimbo mzima ameegemea fimbo yake.

"Kumbe iko hapa," alisema.

"Karibu, baba," alisema Raheli. "Redempta, mpe uji. Unaifahamu?"

"Namfahamu mwenyewe. Tulilala banda moja." Idrissa alipokea kata, akanywa kidogo, akamshukuru msichana. "Kule asubuhi tunaitwa kwa namba, mama. Ukiitwa unaitika. Ezekieli anaitwa, anafungua mdomo, hakitoki kitu. Nyapara anasema ni kiburi. Anampiga. Kisha anakwenda shambani anakata mkonge kama sisi, ila siku yake haihesabiwi, maana hakuitika. Wenzake watarudi mvua zikianza. Yeye atabaki kuzilipa siku zote hizo."

Vijana walitazama benchi la nyuma.

"Ezekieli," alisema Raheli, "ulisema habari nzuri."

"Mama hajanipa ruhusa," ilisema sauti.

Raheli alianzia kwa jumbe. Mughwai alikuwa amekaa barazani, na mwanawe Manase, kijana wa rika la Ezekieli, alikuwa akinyanyua gogo la kinu peke yake ili kuku waliojificha chini yake watoke. Raheli alipiga goti akaeleza yote. Jumbe alisikiliza kwa adabu, akatuma aletewe maziwa.

"Sauti imerudi," alisema. "Basi kijiji kimerudishiwa kiasi. Vijiji vingine havikurudishiwa kitu."

"Naomba arudishwe mwenyewe, jumbe. Ni mtoto pekee. Tulisikia watoto pekee hawatachukuliwa."

"Hawakutakiwa. Alitakiwa Manase. Lakini Manase ana kifua." Manase alilishusha gogo, akainamisha macho. "Bwana Shauri wa wilaya alitaka vijana idadi fulani, nami nilimpa. Nikimwambia leo nilikosea, atauliza nilikosea kwa nani. Kunywa maziwa, mama. Jua kali."

Raheli aliyanywa. Yalikuwa maziwa mazuri, ya leo. Jumbe alimsindikiza mpaka nje ya boma, akamuuliza kama bado anasumbuliwa na goti.

Kutoka hapo Raheli alikwenda kwa Dorkas, akaketi. Kuku alikuwa akitembea uani, akiwa mzima. Juu ya kigoda cha Ezekieli sauti ilikuwa ikiimba kwa chini, kama mtu anayepitisha muda.

"Najua ulichokuja kusema," alisema Dorkas. "Idrissa amepita hapa."

"Wanampiga, ndugu yangu."

"Mwili wameuchukua wao. Mimi nimeachiwa hii. Na hii nayo niwapelekee?"

Raheli alichukua ungo, akaanza kumsaidia kupeta uwele. Walipeta mpaka ukaisha. Kisha Dorkas akainuka, akamkamata kuku.

Walimpika bila haraka, kwa chumvi ya Idrissa. Dorkas alitenga sahani mbele ya kigoda, na vijana waliokuwa wamefika waligeukia pembeni ili mgeni ale kwa nafasi. Mvuke wa nyama ulipungua, ukaisha.

"Nimeshiba, mama," ilisema sauti. "Naomba ruhusa."

Dorkas alifunga upya kanga yake, akafungua, akafunga.

"Ruhusa unayo," alisema.

Walimsindikiza wote, jua likiwa linaelekea kuzama. Zefania alitembea mbele akiwafukuza mbuzi njiani. Manase alikuja pia, nyuma kabisa, wala hakuna aliyemkataza. Walipofika relini Redempta alianzisha wimbo, na sauti ya nne ikaingia mahali pake, haikuwahi. Katikati ya ubeti wa tatu ilianza kusogea. Iliufuata mstari wa chuma kuelekea kusini, ikazidi kuwa ndogo, huku wao wakiendelea kuimba polepole ili wasiiache. Kisha wimbo ukabaki bila chini. Manase alijaribu kuijaza nafasi, akashindwa. Alikuwa na kifua kizima.

Mvua zilianza mwaka huo kwa wakati wake. Vijana wengine walirudi, wakavua viatu vya matairi, wakashika majembe. Ezekieli hakuwamo. Jumbe Mughwai aliendelea kuwa jumbe, na treni iliyofuata ilichukua vijana wengine, mmoja wao akiwa Zefania. Raheli aliacha nafasi mbili wazi kwenye benchi.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Jioni ile vijana walipogeuka kurudi, Dorkas alibaki amesimama kati ya vyuma viwili, mkono kwenye shavu. Raheli alimsubiri pembeni bila kumharakisha.

"Uje tena, baba," Dorkas aliiambia njia ya reli. "Uje Jumamosi, uje kidogo tu. Sitakuchelewesha."