Siku Loai Alipotikisa Mkono

Mwanangu Loai anaendesha gari za mashindano huko Ulaya, na tangu aanze sijamwona mkubwa hata mmoja wa mchezo ule aliyemtendea haki. Nalisema hili mwanzo, mtu asije akadhani nimepatana na wakubwa kwa sababu ya yaliyotokea Jumapili ile. Furaha nnayo, tena tele, lakini si wao walionipa.

Mchezo wenyewe haunishindi kuueleza, ijapokuwa skuli niliiacha mapema. Gari ni za fahari kama zile zinazouzwa Wattaya, hapa kwetu Muscat, ambako mie nimezisogeza na kuzifuta vumbi umri wangu wote wa kazi, ila hizi zimeng'olewa viti vya nyuma, zimetiwa bawa, na zinanguruma utadhani zimetukanwa. Kila mbio ni saa moja. Gari moja ina madereva wawili, mmoja anaanza, mwengine anamaliza. Katikati wamepangiwa dakika kumi, na ndani ya dakika hizo kila gari lazima iingie gereji pembeni ya njia, dereva ashuke, mwenzake apande, mipira yote minne ibadilishwe, ndipo itoke. Kuingia kwenyewe hamna ubishi. Ubishi ni uingie mwanzo wa zile dakika kumi au mwisho wake. Msimu mzima unakwenda hivyo, nchi hii leo, nchi ile mwezi ujao.

Mwaka huu Loai na mwenzake, Mtaliana mmoja, walifika mbio za mwisho Uhispania wakiwa sawasawa kwa alama na gari moja ya manjano. Atakayemaliza mbele ya mwenzake, kombe lake. Na mkuu wa timu yao, Mbelgiji mwenye ndevu zilizochongwa kwa wembe, alikwishamwambia mwanangu uso mkavu: ukilikosa kombe, mwakani kiti chako atakaa mwengine.

Hebu fikiri. Miezi yote mtu anamwagika jasho ndani ya lile tanuri, halafu hukumu inawekwa kwenye saa moja. Na waamuzi wao walikwishamwadhibu msimu huo huo, ati katoka gereji mapema, mapema yenyewe haitoshi mtu kupiga chafya. Gari ya manjano ilipofanya vilevile wakatazama pembeni. Wakubwa ndivyo walivyo, Muscat na Ulaya.

Zamani siku za mbio nyumba yangu ya Khuwair ya Kusini ilikuwa inajaa watu. Mwenye kuwajaza alikuwa Sayyida, mke wangu, Mungu amrehemu. Yeye ndiye aliyempeleka Loai kwenye vile vigari vidogo vya watoto, mie nikigomba kwamba atavunjika meno. Alipougua, hospitali walitupa miadi ya mbali, na nilipouliza kwa nini nikaambiwa ndio utaratibu. Utaratibu! Neno hilo nimelala nalo na kuamka nalo. Tangu aondoke mbio nikawa nazitazama peke yangu, mlango nimefunga, televisheni nimeinyamazisha.

Jumapili ile nilikuwa hivyohivyo, ndipo Jawaher, mdogo wake marehemu, akaingia bila kualikwa. Ametoka kwao Bustan na dele la kahawa mkono mmoja, sinia la halwa mkono wa pili. Nyuma yake jirani yangu Ishaq, aliyestaafu wizarani.

"Shemegi, fungua madirisha," Jawaher akasema. "Nyumba inanuka mtu aliyenuna."

"Nimenuna kwa haki yangu."

"Nuna, lakini sogea nikae. Na sauti ya televisheni iko wapi? Au nayo ushagombana nayo?"

Ishaq akavua viatu. "Salaam alaykum, Abu Loai. Nasikia leo kuna kombe."

"Alaykum salaam. Na wewe uliyekaa na wakubwa miaka yote, mtaro waliouchimba mbele ya mlango wangu utafukiwa lini?"

"Mie nilikuwa uvuvi, bwana wee! Samaki na mitaro wapi na wapi?"

"Nyote mlikuwa mkinywa chai moja."

"Basi leo nipe kahawa, chai nishakunywa," akajibu, na kikombe keshakitoa mbele.

Ishaq na kahawa ni maneno mengine. Kwetu kikombe cha kahawa ni kidogo, kinatiwa tone tu chini, na mwenye dele haachi kumimina mpaka mnywaji akitikise kikombe kwa vidole. Kutikisa ndiyo kusema basi, imetosha, ahsante. Ishaq hatikisi. Jawaher atamimina mpaka dele likohoe, na Ishaq kikombe bado kiko mbele. Mie kinyume chake. Tangu msiba nakunywa kimoja, natikisa, nageuka.

Loai ada hii aliishika udogoni akaipeleka kila mahali. Wali ukimtosha, anautikisa mkono hewani. Hesabu zikimchosha, anautikisa. Mama yake akizidisha kumgombeza, huyo anatikisa, na Sayyida ugomvi wote unamtoka, anacheka mpaka anashika mbavu.

Sauti ya televisheni ikafunguliwa, mbio zikaanza. Loai ndiye aliyeanza, na mara ile akakaa nyuma ya gari ya manjano, karibu hivi, ungesema anaivuta kwa kamba. Anajaribu kulia, wanamziba. Anajaribu kushoto, wanamziba.

"Mpe njia, weye!" Jawaher akaipigia kelele televisheni. "Barabara kainunua baba yako?"

Kabla ya dakika za kubadilishana kufika, mtangazaji akasema redio ya kwenye kofia ya Loai imekatika. Hasikii wala hasikiki. Ikabaki kuonyeshwa kibao tu kila akipita mbele ya timu yake, na anayekishika kibao ni binti yangu Noof. Alikwenda Ulaya kusoma, akaishia kwenye gereji moja na kaka yake. Moyo wangu uko pale mara mbili.

Ndipo televisheni ikatuonyesha ndani ya gari. Loai yuko kwenye njia iliyonyooka, mkono wa kushoto kwenye sukani. Wa kulia kaunyanyua mbele ya kifua, vidole kavikusanya, anautikisa. Akaurudisha. Akaunyanyua tena, akautikisa tena.

Jawaher akabaki na dele hewani. Tukasema sote watatu kwa pamoja:

"Anatikisa!"

"Labda anamsalimia mtu," Ishaq akasema.

"Mtu gani, kwa mwendo ule? Shangazi yake yuko kwenye uzio?" Jawaher akanigeukia. "Shemegi, mtoto kasema basi. Mipira imekwisha. Anataka kuingia, na wale hawajui maana yake. Pigia Noof!"

Nikapiga. Ikalia, ikalia, akapokea. Nyuma yake kelele za gari zinapasua sikio.

"Baba, niko kazini!"

"Kaka yako anataka kuingia."

"Mkuu kasema abaki mpaka mwisho wa dakika zetu."

"Katikisa, Noof! Katikisa mkono kama alivyokuwa akimfanyia mama yako."

"Umemwona mwenyewe?"

"Mie, na mama yako mdogo, na Ishaq."

Nikamsikia anasema na mtu kwa lugha yao, mtu akafoka, Noof akafoka zaidi. Sauti ile naijua. Ni ya mama yake akiwa na bei yake mkononi na muuzaji hataki kushuka. Simu ikakatika.

Mzunguko uliofuata, zile dakika kumi ndio kwanza zimefunguliwa, Noof akatoa kibao chenye mshale mkubwa. Loai akaingia gereji, peke yake, wenzake wote wanapita.

Akaruka nje, Mtaliana akajitumbukiza ndani, mipira ikavuliwa, mingine ikavalishwa, gari ikaondoka ikilia. Na mtangazaji, bila kuulizwa, akasema timu hii imefanya papara, imeingia mapema mno. Gari ya manjano iko mbele huko, inakimbia njia tupu.

Nikajiona nimekaa kwenye takia langu Khuwair, simu mkononi, nimemnyang'anya mwanangu kiti chake. Miaka yote nalaumu wakubwa kwa kuamua mambo ya watu wakiwa mbali, wamekaa. Na mie je?

"Usininunie tena," Jawaher akasema, lakini sauti yake nayo imeshuka. "Tazama kwanza."

Mtaliana alikuwa anaruka. Mipira mipya, njia mbele yake nyeupe, hana wa kumziba. Mtangazaji akaanza kubadilisha maneno. Halafu dakika zikawa zinakaribia kufungwa, na gari zilizobaki, zote zilizokuwa zikisubiri, zikaingia gereji kwa mkupuo. Ikawa kama duka kubwa la Lulu siku ya kuamkia Idi! Gari ya manjano ikabadilisha dereva, ikabadilisha mipira, ikataka kutoka, mbele yake gari nyengine imekaa mkingamo inajaribu kuingia mahali pake. Mafundi wanapunga mikono. Dereva anangurumisha. Hakuna pa kupita.

"Kaa hapohapo, mpenzi wangu," Jawaher akaibembeleza. "Pumzika. Una haraka gani?"

Ilipochomoka na kurudi barabarani, Mtaliana alikuwa kwenye kona. Zikalingana bega kwa bega. Ishaq kasimama, kahawa inammwagikia kanzuni, hana habari. Kona ya kwanza hakuna aliyelegeza. Kona ya pili gari yetu ikatia pua mbele, kisha bega, kisha yote.

Muda uliobaki sikuutazama vizuri. Nilikuwa natazama zulia, nasikiliza Jawaher. Akisema "Eee!" nazidi kuinama, akisema "Aah" napumua. Ya manjano iliivamia yetu kila kona na Mtaliana akaiziba, kulia na kushoto, kama walivyotuziba sisi. Mpaka bendera ikapepea, na Jawaher akapiga kigelegele kilichofika hadi kwa wachimba mtaro.

Kweli kiliwafika. Wakaja mlangoni na helmeti zao, wanadhani kuna harusi. Nikawaita ndani wote, na vumbi lao. Wao hawana kosa, mtaro umeamriwa na wengine. Ishaq akawagawia halwa kwa mkono wake mwenyewe, na kila aliyeonja alipewa hadithi yote tangu mwanzo kwa Kiarabu, ishara na mngurumo wa gari.

Televisheni ikamleta Mbelgiji. Ndevu zimenyooka, anatabasamu. Akaulizwa siri ya kuingia mapema vile. Akasema walilipanga tangu asubuhi, ni hesabu za timu.

"Mwongo!" nikapiga ukelele, na nikajikuta nacheka. "Mwoneni mwongo yule! Mkubwa kamili!"

Kisha Loai akapiga simu ya picha, nywele zimelowa, kombe kifuani, Noof amemning'inia shingoni.

"Baba! Kiti changu! Kanipa mkono mbele ya watu, mwakani niko hapahapa!"

"Mwambie atie saini leo, kabla hajalala."

"Keshatia, nilimsimamia," Noof akasema.

Jawaher akaingiza uso kwenye simu. "Mipira ilikuwa na nini, mwanangu?"

"Mipira ipi, mama mdogo? Ilikuwa mizima."

"Si ulitikisa?"

Loai akafikiri. "Aaa, mkono! Uliingia ganzi, nilikuwa nauamsha. Kuingia nilikuwa sitaki kabisa! Nilipoona kibao nikasema Noof karukwa na akili. Nani kaamua niingie pale?"

Tukatazamana, mie na Jawaher na Ishaq. Ishaq ndiye aliyeanza, kicheko kikamtoka puani pamoja na kahawa. Jawaher akakaa chini kabisa. Noof kule akaziba uso kwa mikono, mabega yanamruka, wachimba mtaro nao wakacheka kwa sababu sisi tunacheka.

"Mama yako," nikasema, nilipoweza kusema. "Mama yako ndiye kaamua."

Loai akatabasamu, akaunyanyua mkono ule wa kulia, akautikisa polepole mbele ya simu, kwa makusudi safari hii.

Jawaher akainuka na dele. Akanimiminia, nikanywa. Akasubiri nitikise kama kawaida yangu, mkono wake tayari kwenda kwa Ishaq.

Nikakitoa kikombe mbele.

"Tia," nikamwambia. "Bado."