Kichwa cha Tano

Nyie mnaodhani chuo ni kusoma, kaeni chini niwaambie. Chuo ni kujisajili. Unaweza kuwa na akili za kujaza gunia na nyingine ukagawa bure, lakini dirisha la usajili likifungwa Ijumaa jioni na jina lako halimo, wewe ni mgeni tu uliyekuja kutembea. Kaa darasani, andika, jibu maswali mpaka koo likauke. Mwisho wa muhula mfumo utakuuliza, wewe nani?

Shangazi alilijua hilo kuliko wote. Hakuwa shangazi wa mtu pale. Watoto wa chuo walimpachika jina hilo siku ya kwanza walipomkuta dawati la mbele, mama mtu mzima, mwalimu wa shule ya msingi aliyeomba ruhusa kazini, miwani ya kusomea imening'inia kifuani. Akaitikia, na jina likaganda.

Alikuwa amebakiza somo moja. Moja tu, jamani. Lilikuwa linaitwa Maji Chini ya Ardhi, na alijitoa humo mwaka ule mimba ya kitindamimba ilipomlaza kitandani. Alidhani atalichukua mwaka unaofuata. Kumbe hufundishwa mwaka mmoja, wa pili linapumzika, na safari ya pili lilipofika zamu yake lilifutwa kwa kukosa watu. Sasa limerudi, na miaka ambayo chuo kinamruhusu mtu kukaa na digrii moja ilikuwa inamwishia mwaka huohuo. Akilikosa hili, anarudi nyumbani mikono mitupu, na yale yote aliyofaulu yanakuwa hadithi ya kuwasimulia wajukuu.

Kwa nini watu walilikimbia? Mwalimu. Somo la maji, lakini mwalimu wake aliitwa Ukame, na waliompa jina hilo hawakumwonea, maana kwake maksi hazikunyesha. Mtu anaingia na ndoto zake anatoka na alama ya kufaulu kwa kubebwa na upepo. Na sheria ya chuo ilisema somo lisilofika watu watano hufutwa siku dirisha linapofungwa.

Basi Shangazi akaanza kutafuta vichwa. Alikuwa na haki ya kuomba. Tangu mwaka wa kwanza yeye ndiye aliyewasajili wenzake. Mfumo ulikuwa haufunguki nje ya chuo, na ndani ya chuo ulianguka kila uchao, kwa hiyo wiki ya usajili watu walimpa maneno yao ya siri, naye akakaa chumba cha kompyuta tangu asubuhi akiwaingiza mmoja mmoja. Ilikuwa marufuku, na kila mtu alifanya. Kuna waliomwambia, "Shangazi, nichagulie tu masomo, wewe unanijua." Akawachagulia.

Safari hii walimwitikia tisa. Akafurahi, akampigia mumewe, fundi wa kuchomelea mageti, akamwambia mambo yamekaa sawa. Halafu wiki ya pili wakaanza kupungua. Huyu ratiba imegongana, yule kaka yake kamkataza, mwingine hakusema hata kwaheri, jina lilipotea tu kwenye orodha. Bandu bandu huisha gogo. Ilipofika katikati ya wiki walibaki watano kamili. Kulikuwa na vijana wawili walioitwa Mapacha, ambao hawakuwa ndugu ila walivaliana mashati. Alikuwepo Mchungaji, ambaye hakuwa mchungaji ila alizungumza kana kwamba yuko mimbarini. Alikuwepo Shangazi mwenyewe. Na Kidege.

Kidege alikuwa msichana mwembamba, mwepesi wa kucheka, mwenye ugonjwa wa seli mundu. Maumivu yakimshika yalimkunja kama nguo iliyokamuliwa. Mwaka uliotangulia yalimshika wakati wa mitihani, akafeli mawili. Chuo kilimwandikia kwamba akifeli jingine lolote, anaondoshwa. Shangazi ndiye aliyekuwa akimpelekea maji ya moto na kumkanda miguu hosteli, na Kidege ndiye peke yake katika wale watano aliyejiunga na Ukame bila kubembelezwa.

Jumatano yakamshika tena. Shangazi alipofika hosteli alimkuta mama yake Kidege ameshakusanya nguo kwenye mfuko na gari linasubiri nje. Wanampeleka hospitali ya kwao, mwendo wa siku nzima.

"Shangazi," Kidege alisema, meno yameumana, "muhula huu siuwezi. Niahirishie. Neno la siri si unalo?"

"Ninalo."

"Kabla ya Ijumaa. Nikiahirisha hakuna kitu kinachoandikwa, nitaanza upya mwakani. Ikipita Ijumaa nahesabiwa nimo, na nikiwa simo kwenye mtihani ni kufeli."

"Najua, mwanangu. Lala."

"Na somo lako je?"

"Usinifikirie mimi," Shangazi alisema, na wakati huo alimaanisha.

Mama yake Kidege alimshika mikono yote miwili. Alimwambia, mwanangu hana dada, Mungu kamletea wewe. Kisha gari likaondoka.

Alhamisi Shangazi akaenda kwa karani wa usajili. Karani alikuwa bwana mmoja mwenye mafua yasiyoisha, aliyeongea na watu kupitia tundu la kioo bila kuinua macho. Shangazi akamuuliza kama mgonjwa anaweza kuahirisha muhula wiki ijayo, akileta barua ya daktari.

"Mama, mwisho Ijumaa. Barua ya Jumatatu ni karatasi ya kufungia karanga, hata iwe na mihuri mpaka kwenye bahasha."

"Anaweza kuacha masomo mengine akabaki na moja?"

"Kuahirisha ni muhula mzima. Hakuna nusu."

"Na somo likibaki na wanne, lakini mmoja ni mwaka wake wa mwisho kabisa?"

Hapo karani aliinua macho. Nadhani alielewa, kwa sababu sauti yake ilishuka. "Linafutwa, mama. Mfumo hauna shangazi wala mjomba."

Siku ile na kesho yake asubuhi Shangazi alizunguka chuo kizima. Aligonga milango ya hosteli, akasimama kwenye foleni ya mkahawa, akawakamata watu ngazini. Alipiga magoti, nisiwafiche. Alimpigia magoti kijana anayelingana na mwanafunzi wake wa darasa la saba wa juzi. Wote walimhurumia. Walimwambia pole Shangazi, Mungu atafungua njia, na walipomaliza kumwombea kheri wakaenda zao. Aliowasajili miaka yote wakamkwepa kwa upole, na upole ule ulimuuma kuliko tusi.

Ijumaa alasiri akaketi kwenye kompyuta ya pembeni, akaingia kwa neno la siri la Kidege. Kitufe kilikuwa pale, chekundu: Ahirisha Muhula. Alikibonyeza. Mfumo ukauliza, una uhakika?

Simu ikalia. Mumewe.

"Vipi, wamebaki watano?"

"Bado watano."

"Alhamdulillahi. Mama ameshaanza kuwaambia majirani. Na yule dada yangu, aliyekuwa anakuita msomi wa milele, leo kaniuliza kama mahafali yana kiingilio." Akacheka. Ilikuwa muda mrefu hajacheka hivyo. Miaka ile yote alikuwa amelea watoto na mama yake, akarudi kutoka kazini macho mekundu kwa moto wa kuchomelea, akapika uji. "Mke wangu, tumefika."

Alipokata simu, lile swali lilikuwa bado limesimama kwenye kioo. Una uhakika? Shangazi hakuwa mtu mbaya. Nasema hivyo si kumtetea, maana sina wa kumtetea. Nasema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Alijiambia Kidege ni mdogo, ana miaka mbele yake. Akajiambia pengine atapona upesi, arudi katikati ya muhula, afanye mtihani, afaulu. Akajiambia chuo hakiwezi kuwa na roho ngumu kiasi hicho kwa mtoto mgonjwa, ingawa jana yake tu alikuwa ameisikia roho yenyewe kwenye tundu la kioo. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno.

Akabonyeza hapana. Akatoka kwenye ukurasa wa Kidege, akazima na kompyuta.

Hajafika mlangoni, ujumbe ukaingia. Kidege ameandika neno moja: Imekubali?

Shangazi alisimama pale watu wakimpita. Bado kulikuwa na muda. Kompyuta ilikuwa nyuma yake, hatua chache. Akaandika: Imekubali. Pumzika, mwanangu.

Jumamosi na Jumapili zilimpita hajui zilivyopita. Alifua nguo zilizokuwa safi. Hakutaka kuifungua orodha, hakutaka hata kupita mbele ya chumba cha kompyuta. Kidege alipompigia hakupokea. Alipopiga mama yake pia hakupokea, akaiweka simu chini ya godoro na bado akawa anaisikia. Aliogopa kushukuriwa. Mara mbili alianza safari ya kwenda kwa karani kumwambia ukweli, ofisi zimefungwa na anajua zimefungwa, akarudi.

Jumatatu darasani, Mapacha walikuwa wameshaketi nyuma, Mchungaji mbele. Na dirishani alikuwepo msichana mmoja ambaye hakumtarajia, mwenye miwani mikubwa, aliyekuwa akilala chumba kimoja na Kidege. Shangazi alidhani amepotea darasa.

"Hujapotea, binti? Hapa ni kwa Ukame."

"Najua, Shangazi. Nimejisajili." Akasogeza begi ili Shangazi akae karibu naye. "Ijumaa Kidege alinipigia kutoka hospitali. Sijui aliongea vipi, maana alikuwa analia kwa maumivu. Aliniambia, mimi natoka, naomba uingie mahali pangu, Shangazi asikose somo lake kwa sababu ya ugonjwa wangu. Nilimkatalia. Akapiga tena. Nikaona basi, Ukame ataniua lakini huyu mtoto ataniua kwanza." Akacheka kidogo. "Nimewahi dirisha likikaribia kufungwa. Hakukuambia?"

"Hapana," Shangazi alisema.

"Alitaka usijue mpaka leo. Jana alikuwa akikupigia akuambie mwenyewe, hukupokea."

Shangazi alikaa. Ukame akaingia, mzee mfupi mwenye koti lililopauka, akaweka vitabu mezani na kuangalia vichwa vilivyo mbele yake. Kwa mtu wa sifa zake alionekana karibu kufurahi.

"Mwaka huu kwenye orodha mko sita," alisema. "Sijapata sita tangu zamani."

"Watano, mwalimu," Mchungaji alimsahihisha, kwa ile sauti yake ya mimbarini. "Tuko watano."

Ukame akavuta orodha karibu na macho, akaita majina. Mapacha wakaitika. Mchungaji akaitika, na yule mwenye miwani. Shangazi akaitika. Kisha akalisoma jina la Kidege, jina lake la kwenye vyeti, ambalo hakuna aliyelizoea.

"Huyo amejitoa, mwalimu," msichana mwenye miwani alisema. "Ni mgonjwa. Ameahirisha muhula. Shangazi ndiye aliyemtolea Ijumaa."

Ukame akapitisha kidole kwenye karatasi, akarudia. "Hajajitoa. Hapa yumo, na mfumo ulifungwa."

Wote wakageuka kumtazama Shangazi. Hakuna aliyemtazama kwa ubaya. Walimtazama kama walivyomtazama miaka yote kila kitu cha usajili kilipoharibika, wakisubiri awaambie cha kufanya.

"Ni mfumo," Mchungaji alisema upesi. "Mfumo huu mnaujua. Mtu anabonyeza, haushiki. Si ndiyo, Shangazi?"

Mlango ulikuwa wazi. Angeitikia tu, wangelaani mfumo pamoja, wangemwandikia mkuu wa idara barua ambayo angeitupa, na muhula ukiisha wangemlilia Kidege wote kwa pamoja, yeye akilia kwa sauti kuliko wenzake.

"Mfumo haukukosea," Shangazi alisema. "Uliniuliza, nikasema hapana. Niliogopa tutabaki wanne."

Mapacha waliinamisha vichwa. Msichana mwenye miwani aliivua, akaifuta kwa ncha ya blauzi, akakawia kuivaa tena. Kisha akavuta begi lake akaliweka kati yake na Shangazi.

"Ana mangapi aliyofeli?" Ukame aliuliza.

"Mawili," Mchungaji alijibu, na safari hii hakukuwa na mimbari katika sauti yake.

Ukame alikaa na kalamu mkononi. Alimtazama Shangazi kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta adhabu na kuona imeshatolewa. Halafu, kwa kuwa ndiyo kazi yake na hakuwa na pengine pa kuandika, akaandika kwenye orodha kwamba hayupo. Akageukia ubao, akaanza kueleza jinsi mvua inavyopenya kwenye udongo.

Shangazi akafungua daftari. Aliandika kila alichosema mwalimu, neno kwa neno, maana ule ulikuwa mwaka wake wa mwisho na mtihani ungekuja.