Frigo ya Makemba ya Mama

Usinicheke bado. Mimi ni fundi wa frigo. Miaka ishirini na sita nafufua frigo za watu hapa Makiso, na ile ya nyumbani kwangu ilikuwa na udongo ndani.

Ilianza na mama yangu, mama Germaine wa Yanonge. Shamba lake la makemba, zile ndizi za kupika, lilishikwa na ule ugonjwa unaosimamisha majani yakabanana kama ufagio, mukungu hautoki tena. Aling'oa, akachoma, akalia. Halafu akanitumia kwa boti kisiki kimoja, amekifunga ndani ya kitenge kama mutoto.

"Hiki ndicho cha mwisho kizima," aliniambia kwa telefoni. "Ni mbegu ya mama yangu. Ukikiua, nitakufa nikila makemba ya sokoni. Mimi, Germaine!"

Bon. Ningekipanda wapi? Uwanja wetu ni wa bata na wa mguu wa kila mutu. Nilikuwa na frigo moja iliyokufa mota, mwenyewe hakurudi kuichukua. Nikaitoa mota, nikaosha ndani, nikabandika aluminiamu kila upande ili mwanga usipotee. Nikafunga ampuli nne za ekonomi, zile nyeupe zisizokula umeme mwingi, maana courant ya hapa inakuja ikitaka na inaenda bila kuaga. Ikienda, batri ya pikipiki inazishika. Nikatia feni ndogo ya kompyuta, na chini vumbi la mbao lenye maji. Kisiki nilikikata vipande sita, nikavizika humo. Mke wangu alisema nimerukwa na akili.

Miezi minne. Machipukizi kumi na manne! Kila moja nikalipa udongo ndani ya kopo lake la yogati. Asubuhi nilikuwa nafungua mulango na kusimama pale tu, naangalia, chai inapoa mukononi. Na sababu watu wa avenue yetu wakisikia kiu wanafungua frigo ya yeyote, niliifunga kwa kadena, ufunguo shingoni mwangu. Nikampigia mama: yako kumi na manne, njoo Jumamosi na beseni yako.

Alhamisi, Évariste akafa.

Évariste alikuwa jirani yetu, ukuta kwa ukuta. Alianguka akinyoa ndevu, basi. Hakuwa mugonjwa hata siku moja. Kabla maiti haijaondolewa mama Merdi, mke wangu, alinivuta kando.

"Papa Merdi, toa kadena."

"Thubutu!"

"Mutu amekufa ghafla, nyumba yetu ndiyo ya kwanza, watu wa matanga watajaa hapa, halafu wanakuta tumefunga frigo? Unajua watasema nini."

Nilijua. Kwetu siku ya matanga kila nyumba jirani inafunguliwa, jiko, viti, kitanda, frigo. Anayefunga, wanauliza: anaficha nini, huyu? Anajua nini kuhusu kifo hiki? Neno hilo, muchawi, likishatoka, maji yakimwagika hayazoleki. Nimeona baba wa watu akihama avenue kwa neno hilo.

Donc kadena niliitoa kwa mukono wangu mwenyewe. Nikabandika karatasi: MIMEA, USIFUNGUE. Karatasi, kwenye frigo, siku ya matanga! Akili yangu ilikuwa wapi?

Ijumaa walinituma bandarini kupokea ndugu za Évariste kutoka Basoko. Boti ya asubuhi ilifika saa kumi jioni. Mvua ilininyeshea yote. Nilipokaribia nyumbani anga lilikuwa jeusi, na chini ya bashi, turubai la matanga, niliona taa nne zimetundikwa, nyeupe, nzuri kabisa. Nikajiuliza nani ameleta ampuli nzuri vile. Halafu nikaanza kukimbia.

Ndani ya nyumba frigo ilikuwa wazi, ampuli zimefunguliwa. Mama Chimène, mukubwa wa jiko la matanga, alikuwa ameinama mbele yake na samaki mikononi.

"Aa, papa Merdi! Frigo yako iko mugonjwa. Tangu asubuhi tumetia samaki, haipoi!"

"Mimea iko wapi?"

"Yale majani? Tuliyatoa polepole, papa, hata moja halikuvunjika. Tumeyaweka nyuma yapate jua kidogo. Mimea ndani ya frigo! Ingekufa baridi."

Nyuma ya nyumba kulikuwa na nguruwe. Wanakwaya walimleta kwa ajili ya chakula cha mazishi, wakamfunga muguu kwa kamba ndefu. Makopo yangu yalikuwa yamepinduka pembeni yake, mengine yametafunwa. Mbuzi angeniachia muzizi. Nguruwe haachi kitu. Nilipiga magoti ndani ya tope nikapekua kopo moja moja, yote kumi na manne.

"Na vile vipande vilivyokuwa kwenye vumbi la mbao?"

"Vile vilivyooza? Tulimpa huyohuyo," alisema Chimène.

Hasira ilinipanda mupaka macho yakauma. Nilikwenda mbele nikiwa na maneno tayari, makubwa. Naomie, mujane wa Évariste, alikuwa ameketi chini kwenye mukeka. Aliinua uso.

"Asante, papa Merdi. Umetupa nyumba yako. Umetupa hata taa."

Nikapangusa tope kwenye magoti.

"Si kitu, mama," nilisema.

Jumamosi tulizika. Tuliporudi Chimène aliniletea sahani ya nguruwe, mafuta yanang'aa, kipande cha mutu wa heshima. Kukataa chakula cha matanga ni sawa na kufunga kadena. Nilikula. Mungu anisamehe, ilikuwa tamu.

Nilikuwa bado na sahani wakati toleka, ile baiskeli ya kubeba abiria, ilisimama na mama yangu akashuka na beseni yake. Alisikia habari za kifo bandarini, basi alienda kwanza kulia na Naomie, kama inavyopasa. Kisha akanifuata ndani. Kwenye beseni alikuwa ametandika vitambaa vyenye maji, amevikata mwenyewe, kumi na vinne.

"Wako wapi watoto wa kisiki?"

Nilimwambia yote. Alifungua frigo, akaona samaki, akafunga tena taratibu.

"Kadena ilikuwa wapi, mwanangu?"

"Niliitoa mimi."

Nilitaka anitukane. Tangu Ijumaa nilikuwa nangoja matusi yake.

"Hata mimi ningeitoa," alisema.

Naomie aliona mama muzee anaondoka na beseni tupu, akawaita wanawake: hapana, haendi hivyo! Wakaijaza makemba yaliyobaki jikoni, makubwa, ya manjano. Mama alipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, akashukuru.

Nilimusindikiza mupaka kwenye boti. Aliweka beseni juu ya mapaja, akachukua kemba moja, akaligeuza, akalinusa.

"Ya sokoni," alisema.

Akalirudisha. Halafu, sababu jua lilikuwa kali, akachomoa chini vile vitambaa vyenye maji akaanza kuyafunika makemba, kimoja kimoja.