Kura ya Glenys

Kwa miaka mingi, chini ya ukuta wa udongo wa bwawa la Korrawin palichuruzika maji safi membamba, na watu waliyazoea kama wanavyozoea bomba linalovuja uani. Mwaka ule wa ukame, malisho yote yalipogeuka rangi ya mfupa, maji yale yakaanza kutoka na rangi ya chai ya maziwa.

Glenys Tregenza, mwenyekiti wa baraza la mji, alishuka kuyaona pamoja na injinia, binti mmoja aitwaye Anneliese. Anneliese aliyateka kwa kikombe, akayaacha yatulie. Tope likajikusanya chini.

"Ukuta unaliwa kwa ndani," alisema. "Unaweza kukaa hivi mwaka mzima, unaweza kubomoka leo."

"Tukipunguza maji?"

"Koki ya kutolea imeshikana kwa kutu. Itabidi tukate mfereji ubavuni, maji yote yaende. Mtabaki kunywa ya malori."

Bondeni, chini ya ukuta, palikuwa na nyumba chache. Moja ilikuwa ya Wes, kaka yake Glenys, aliyenywesha ng'ombe wake kwa maji ya bwawa hilohilo. Glenys alimkuta akikaza waya za uzio, akamweleza.

"Babu alishindilia udongo wa lile bwawa kwa kwato za farasi," Wes alisema. "Mafuriko yamekuja yamepita, lipo. Leo unaniletea msichana na kikombe chake."

"Wajukuu zako wanalala chini yake, Wes."

"Na wanakoroma. Mnaokesha ni nyinyi waoga." Aliweka koleo chini. "Ukiyamwaga hayo maji umeniua, Glen. Sema hivyo tu, tusizungushane."



Barazani kura ziligawanyika nusu kwa nusu, ikabaki ya Glenys. Upande wa kuyamwaga maji alinyoosha mkono, ukawa mzito kama wa kuazima.

Katapila likakata mfereji. Watu walitazama kutoka kilimani maji yakipita kando ya shamba la Wes na kuishia mchangani. Samaki walibaki wakitapatapa kwenye tope, kunguru wakashiba.

Mvua haikuja. Malori yalileta maji ya watu. Ng'ombe hawakuwamo kwenye hesabu. Wes aliwauza waliokuwa bado na nguvu ya kupanda lori. Waliobaki aliwapiga risasi mwenyewe, asubuhi. Glenys alikuwa jikoni, akaisikia milio, mmoja baada ya mwingine, mpaka ikakoma.

Ukuta ulipopasuliwa, Anneliese alimwita aone. Ndani mlikuwa na tundu laini, refu, mtu mzima angepenyeza mabega. Glenys alitia mkono, akahisi ubaridi, akaenda moja kwa moja kwa kaka yake.

"Njoo uone, Wes. Tafadhali."

Wes alikuwa akipakia magodoro kwenye gari. Alikuwa anahamia mjini kwa mkwewe.

"Shimo lilikuwepo, nakubali," alisema. "Pengine lilikuwepo tangu tunaogelea pale juu tukiwa wadogo. Mbona halikutuua?"

"Lingewaua nyinyi."

"Pengine." Alikaza kamba. "Ng'ombe wangu wamekufa kweli, dada. Hapo hakuna pengine."

Gari likaondoka. Wajukuu walimpungia Glenys mkono kupitia kioo cha nyuma, naye akawapungia mpaka vumbi likatua. Kisha akafunga lango la shamba la Wes na kulitia komeo, ingawa hapakubaki mnyama wa kutoroka.