Msiba Hausemwi kwa Simu

Meli ilipofunga gati Doha ikitokea Maskati, abiria walishuka na kamera zao kwenda kuutazama mji wa kale. Mwanahawa, msafishaji wa vyumba vyao, alishuka na msiba.

Mama yake alikuwa amezikwa Unguja, arubaini imeshapita, na mdogo wake Zuleikha, mtumishi wa nyumbani hapo Doha, mtaa wa Al Thumama, hajui. Kwao aliye ugenini hapewi habari kama hiyo kwa simu. Hungojewa mtu amwambie ana kwa ana, amshike. Wakubwa waliposikia meli ya Mwanahawa itapita Doha, wakambebesha yeye. Ni rahisi kupanga, umekaa barazani na kikombe chako cha kahawa.

Walikutana soko la Souq Waqif saa nne asubuhi. Madamu alikuwa amempa Zuleikha ruhusa mpaka adhuhuri, ya kwanza kwa miezi mingi, basi akawa anacheka hovyo. Alimburura dada yake vichochoroni, akamwonyesha vipanga waliofunikwa macho, mahamali wazee na matoroli yao, wazungu wa meli wakijipiga picha na magunia ya bizari. Mwache afurahi kidogo, Mwanahawa alijiambia. Mwisho wa kurudi melini ulikuwa sita na nusu, na simu yake ilisema saa tano tu.

"Tumnunulie mama viatu," Zuleikha alisema, akaingia duka la ngozi na kupima soli kwa shibiri. "Miguu bado inamvimba?"

"Si sana," Mwanahawa alijibu, akajichukia.

Ndipo Fabian, mpishi wa meli, alipopita mbio. "We Mwanahawa! Hukusikia tangazo? Meli bado inafuata saa ya Maskati! Sita na robo hii!"

Simu ilikuwa imejirudisha nyuma saa nzima ilipokamata mtandao wa Doha. Huu ulikuwa mkataba wake wa kwanza, angejuaje? Akiachwa na meli, kazi hana.

"Zuleikha," alisema, "mama hatunaye."

Zuleikha hakupiga kelele. "Tangu lini?"

"Miezi mitatu sasa."

"Na sauti ninazomtumia kila Ijumaa? Mbona naona zimesikilizwa?"

Mwanahawa alitamani kumdanganya, lakini uongo ulikuwa umemwishia. "Wanazisikiliza nyumbani. Wote, sebuleni."

Muuzaji aliuliza kama viatu vinafaa.

"Basi wote wamenisikia nikimlilia mama anitoe huku," Zuleikha alisema polepole. "Baba, kaka, mashangazi. Wamenisikia, wakanyamaza."

Mwanahawa alinyoosha mikono amshike, kama alivyoagizwa. Zuleikha akarudi nyuma hatua moja.

"Nenda, dada," alisema. "Utaachwa."

Na Mwanahawa, Mungu amsamehe, akaenda.